Mchezaji Si Gunia la Kitunguu

Kitunguu cha Mang'ola hakiulizwi kinakwenda soko gani. Dalali na mkulima wakielewana bei, gunia linapakiwa kwenye Fuso, na kama ni lumbesa, hasara anaibeba mkulima. Kitunguu chenyewe hakina la kusema, na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na wenzangu wa vijiweni hapa Karatu, wanaokesha na NBA kwenye simu, kisha asubuhi wanahubiri kwamba timu yenye akili hujengwa kwa kubadilishana wachezaji, na kwamba kusajili wachezaji huru ni kazi ya matajiri wavivu.

Wanasahau kwamba Mtanzania wa kwanza kucheza NBA alipitishwa kwenye mashine hiyo. Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa pili katika drafti ya 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2011 akapelekwa Houston, Memphis ikampata Shane Battier. Machi 2012 Houston nayo ikampeleka Portland ili impate Marcus Camby. Kote huko hakuna aliyehitaji ridhaa yake. Kipengele cha kukataa kuhamishwa kipo NBA, lakini ili uruhusiwe hata kukijadili, sharti uwe umecheza ligi hiyo miaka minane, minne kati yake katika timu hiyo hiyo. Kijana wa miaka 24 anakipatia wapi?

Julai 2012, akiwa huru, akasaini Oklahoma City kwa mkono wake. Hakuwa nyota, tusidanganyane. Lakini alidumu misimu miwili katika timu iliyoongoza kanda ya Magharibi msimu wake wa kwanza pale. Kisha Agosti 2014 akabadilishwa tena, safari hii kwenda Philadelphia, ambayo ilimwacha baada ya siku chache bila kumchezesha hata mechi moja. Alikuwa tarakimu ya kusawazisha mahesabu.

Najua jibu lao: Oklahoma City hiyo hiyo ilimtoa Paul George mwaka 2019, ikampata Shai Gilgeous-Alexander, na 2025 ikatwaa ubingwa. Kweli kabisa. Lumbesa nayo inalipa, muulize dalali. (Tena bingwa huyo alikuwa na Isaiah Hartenstein, aliyekuja 2024 akiwa huru, lakini huyo vijiweni hatajwi.)

Hebu tuilete kwenye kazi tunayoijua. Dereva wa watalii yuko chini kwenye kreta ya Ngorongoro, wageni wanapiga picha kifaru, mara redio ya gari inakoroma: "Kaka, kuanzia kesho wewe ni wa kampuni ya Mwanza. Wametupa wapishi wawili na Land Cruiser." Karatu nzima ingecheka, kisha ingekasirika. Dereva akimaliza mkataba anakwenda anakotaka na jina lake, na hakuna anayemwita msaliti.

Clatous Chama tulimwita. Mwaka 2021 Simba ilimuuza RS Berkane ya Morocco, tukasifia biashara. Akarudi. Mwaka 2024 mkataba wake ukaisha, akavuka kwenda Jangwani, na matusi yakamwagika. Klabu ikimhamisha ni akili, akihama mwenyewe ni usaliti! Na huo ni mpira wa miguu, ambako angalau hauzwi mtu bila saini yake. Hao ndio mashabiki wanaotaka tuige NBA.

Hoja yao moja tu ina uzito: klabu ndogo iliyomlea. Kijana akiondoka bure, kocha aliyemnunulia viatu anapata nini? Basi alipwe kwa kulea, si kwa kufungia. FIFA ina fidia ya mafunzo kwa vijana wanaohamia klabu za nje, na inaweza kudaiwa hata kama mkataba umekwisha, mradi mchezaji hajavuka umri wa miaka 23. Tujifunze kuidai, na ndani ya nchi fidia ya namna hiyo iwe na meno. Na dogo wa Karatu anayekwenda kusaini Arusha au Dar asome kifungu cha uhamisho kabla ya kile cha mshahara.