Bahasha na Orodha ya Wakubwa



Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba kila atumiaye VPN ajiandikishe ifikapo tarehe 30 mwezi huo na kutoa taarifa zake, ikiwamo anwani ya IP. Mkaidi alitajiwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Kwa wasioifahamu, VPN ni programu inayoyageuza mawasiliano kuwa maandishi ya fumbo, hata kampuni ya simu, au mwizi uliyeketi naye kwenye mgahawa wenye intaneti ya bure, asione unachosoma wala unachotuma. Mabenki huitumia kila siku. Ni bahasha tu, wapendwa. Nani kati yetu alipata kwenda posta kuandikisha bahasha zake?

Najua hoja ya wakubwa: wahalifu nao hujificha humo. Ni kweli, na mhalifu asakwe. Mwenye shaka na mtu fulani aende mahakamani, apewe hati, apekue. Lakini jambazi hajiandikishi! Orodha ile hujaa majina ya watiifu peke yao. Tena mtandao wa X ulipozuiwa nchini Mei 2025, VPN ndiyo ikawa njia ya kuufikia. Basi mwenye orodha anajua pa kuanzia kutafuta nani anasoma kilichokatazwa.

Katika tembe la Mgogo mgeni hupokelewa kwa heshima, ila chumba cha ndani haingii mpaka akaribishwe. Ibara ya 16 ya Katiba yahifadhi mawasiliano ya binafsi ya kila mtu, na Sheria za Kanisa, kanuni ya 220, zakataza kuivunja haki ya mtu ya kutunza faragha yake. Dola yaweza kuingilia, naam, ila kwa utaratibu wa sheria. Hapa ndipo ninapokwazika: katazo hili limo katika Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, alizozitunga waziri chini ya Sheria ya mwaka 2010. Mwaka mzima gerezani, kwa kosa ambalo wabunge hawakulijadili wala kulipigia kura!

Waheshimiwa mnaosali nasi hapa Dodoma nyakati za vikao, tuulizieni humo ndani: orodha ile yatunzwa na nani, na nani ana ruhusa ya kuisoma?