Umanjano Umeanzia Jani Lipi?

Wengi wetu hapa Pumwani shamba letu ni gunia la sukuma wiki lililosimamishwa uani. Wengine wana kipande cha mahindi kwao bara au pwani. Kote kuwili lalamiko ni moja: majani yamegeuka manjano. Na dawa inayokimbiliwa ni moja vilevile, nayo ni mbolea ya dukani, ilhali umanjano hauna sababu moja.

Kabla ya kufungua mkoba, tuutazame mmea na kujiuliza umanjano umeanzia wapi. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu husafiri ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huziondoa katika majani makongwe ili kuyalisha machanga, mfano wa mzazi ajinyimaye. Ndiyo sababu dalili huanzia chini. Mahindi yaliyokosa naitrojeni hupata umanjano kwenye ncha ya jani la chini, kisha huteremka na mshipa wa kati kuelekea shinani. Zikiungua kingo za jani na katikati pakabaki kijani, upungufu ni wa potasiamu. Zambarau kwenye mche ni dalili ya fosforasi, ingawa baridi ya udongo nayo huileta, na joto likirudi huondoka yenyewe.

Chuma hakisafiri hivyo. Upungufu wake huonekana juu: jani changa huwa manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Hapa ndipo magunia yetu hutaabika, kwa kuwa jivu la jikoni humwagwa humo kila uchao kwa nia njema. Jivu kidogo hutoa potasiamu. Likizidi, huufanya udongo uwe na magadi mno, na chuma kilichomo hufungika hata mizizi isiweze kukichukua. Kuongeza mbolea ya dukani hapo ni kutupa fedha. Jivu liachwe, na itiwe mboji au samadi iliyooza barabara.

Tuchunguze pia kama gunia limetuama maji, maana mizizi isiyopumua huyageuza manjano majani ya chini hata chakula kikiwa tele.

Pakithibitika upungufu wa naitrojeni shambani, mbolea ya CAN, yenye asilimia 26 ya naitrojeni, hufaa: kizibo kimoja cha soda, takriban gramu 5, kwa kila shina la mahindi yafikapo magotini, udongo ukiwa na unyevu, wala isiguse shina. Kwa gunia lenye miche iliyosongamana, sisi twapendelea samadi.

Mwenye shamba la eka kadhaa asitegemee macho pekee. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hupima udongo. Achote udongo mahali kadhaa shambani, kina cha sentimita 20 hivi, akiepuka palipochomwa taka au kurundikwa samadi. Auchanganye katika ndoo safi, auanike kivulini, kisha apeleke nusu kilo, akieleza ni zao gani anakusudia kupanda.