Shaba na Kidonda

Huku Kasongo na Kabambare jembe na panga ni vyombo vya kila siku, na huko Namoya watu huchimba dhahabu; kwa hiyo majeraha hayakosi. Zamani Waswahili walitia mrututu juu ya donda. Mrututu ni chumvi ya shaba, yenye rangi ya buluu: huua vijidudu, lakini huunguza pia nyama changa inayoota.

Je, shaba ni adui? Sivyo. Mwili huihitaji, ila kidogo sana, ili nyuzi za nyama mpya zishikamane na kupata nguvu. Shaba hiyo twaipata chunguni: katika maharagwe, karanga, uyoga na maini. Mwaka 1973 Loren Pickart, mtaalamu wa Marekani, alieleza peptidi moja iliyomo katika damu, yaani kipande kidogo cha protini, ambacho hushikana na shaba. Katika maabara huamsha nyama kujijenga. Kwa vidonda vya watu ushahidi ungali mdogo.

Basi, akina baba na akina mama, msitie mrututu. Osheni jeraha kwa maji safi na sabuni, lifunikeni kwa kitambaa safi, kisha mwende upesi kituo cha afya mkaulize sindano ya pepopunda.