Njia ya Mwongo ni Fupi

Kuna imani moja iliyoota mizizi katika miji yetu, nayo ni kwamba njia iliyo fupi ndiyo njia bora. Imani hii ina wafuasi wengi: madereva, matingo, vijana wanaoelekeza wageni, na siku hizi hata simu za mkononi. Mimi simo katika kundi hilo. Wazee wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, na ingawa wao walikuwa wakizungumzia maneno, methali hiyo inafaa kubandikwa mbele ya usukani wa kila gari kubwa linaloingia mjini. Katika kurasa hizi nitaipima imani hiyo kwa chombo kimoja kinachofichua udhaifu wake kuliko kingine chochote, yaani gari-nyumba.

Msomaji ambaye hajapata kuliona gari la namna hiyo alifikirie kama basi dogo au lori lililogeuzwa makazi. Ndani yake mna vitanda, jiko, mtungi wa gesi, tangi la maji na choo. Aghalabu urefu wake ni mita 7 au 8, na yako yanayozidi hapo. Kimo chake ni kama mita 3, na huongezeka kwa yale yaliyojengwa juu ya chesisi ya lori. Wenye magari hayo hutoka Ulaya na Afrika Kusini. Wengi wanaokuja kwetu kutoka kusini huvuka mpaka Tunduma, wakapita Mbeya, Iringa, Mikumi na Morogoro, na hatimaye hutaka kufika ufukwe wa Kigamboni wakapumzike. Ili wafike huko hawana budi kuvuka Dar es Salaam, mkoa uliokuwa na watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022.

Je, wapite wapi? Ramani ya simu, na vijana wetu wengi pia, watawaambia wanyooke: Barabara ya Morogoro moja kwa moja, Ubungo, Magomeni, Jangwani, katikati ya mji hadi Kivukoni, wapande pantoni, wamefika. Katika karatasi njia hiyo imenyooka kama rula. Mimi nasema wakifika Ubungo wakate kulia, washike Barabara ya Mandela, wapite Tabata, Buguruni na Tazara hadi Kurasini, kisha wavuke Daraja la Nyerere. Kwa kilomita njia hii ni ndefu kuliko ile ya kwenda Kivukoni, tena darajani kuna ushuru wa kulipa. Hata hivyo ndiyo njia ya gari kubwa, na nitatoa hoja zangu.

Kwanza, tulitazame gari lenyewe. Gari-nyumba lina mkia mrefu unaochomoza nyuma ya magurudumu ya mwisho. Dereva anapokata kona kulia, mkia huo hufagia upande wa kushoto. Na huko kushoto ndiko walikosimama watu. Muuza machungwa, mwanafunzi anayesubiri daladala na mama lishe mwenye masufuria yake hawaujui mkia huo, wala hawautarajii. Wao wameliona gari likielekea upande wa pili, wakadhani hatari imewapita. Sasa zihesabu kona ambazo gari hilo litakata katika mitaa ya katikati ya mji, kisha uzilinganishe na kona za Mandela. Kila kona uliyoiondoa katika safari ni hatari moja uliyowaondolea watu usiowajua.

Pili, mengi ya magari hayo yametengenezwa kwa nchi za bara la Ulaya, ambako watu huendesha upande wa kulia. Kwetu tunaendesha kushoto. Kwa hiyo dereva anakuwa amekaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita guta lililosimama hawezi kuona kinachokuja mbele mpaka gari lake limekwisha kuchomoza nusu. Mlango wa makazi nao uko upande wa kulia, maana kule kwao ndio upande wa wapita njia. Hapa kwetu mlango huohuo hufungukia katikati ya barabara, kwenye bodaboda na bajaji. Gari la namna hii likikwama katika mtaa mwembamba wa Kariakoo, hata kushuka ili kuomba msaada ni kuhatarisha maisha.

Tatu, lipo suala la kimo. Katika mitaa ya ndani nyaya za umeme na za simu zimening'inia, matawi ya miti yameinama juu ya njia, na vibanda vimesogeza mapaa yao ya turubai hadi ukingoni. Gari dogo hupita chini ya vyote hivyo bila habari, lakini gari lenye kimo cha mita 3 na zaidi, tena lililobeba vioo vya umeme wa jua juu ya paa, halipiti. Ikumbukwe pia kwamba waya ukikatika, anayelala gizani ni mwenye nyumba ya jirani. Mgeni amekwisha ondoka.

Nne, pantoni. Mteremko wa kushukia pantoni hubadilika kwa maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa mteremko huwa mkali, na gari lenye mkia mrefu hugotesha nyuma. Wakati huo foleni ya magari imesimama, na wenye mizigo na watoto migongoni wanangoja kuvuka. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita, wala halipandi na kushuka kwa sababu ya mwezi. Ya nini kumwingiza mgeni katika majaribio ya bahari ilhali daraja lipo?

Nne hizo zatosha. Sasa nigeukie majibu ya wapinzani wangu, maana wanayo.

Wako wasemao kwamba Mandela nayo ina foleni, imejaa malori ya kontena yanayokwenda na kutoka bandarini. Ni kweli, wala sitapunguza neno. Barabara hiyo ilijengwa kwa ajili ya bandari, na malori ndiyo wenyeji wake. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuichagua! Kona zake na upana wake vimepimwa kwa ajili ya vyombo vikubwa, na waendao kwa miguu kando yake wamezoea kuyakwepa magari marefu. Makutano yake makubwa mawili yamekwisha kutengenezwa: ya Tazara kwa Daraja la Mfugale lililozinduliwa mwaka 2018, na ya Ubungo kwa barabara za Kijazi zilizopandana ngazi tatu, zilizozinduliwa mwaka 2021. Foleni ya Mandela itamchelewesha mgeni, hilo nalikubali. Lakini kuchelewa si kuumiza mtu. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo msingi wa hoja yangu yote.

Wengine husema, "Barabara ni ya wote." Naam, ni ya wote, na kwa sababu hiyohiyo mmoja asiizibe. Gari-nyumba likikwama katikati ya mtaa wenye njia moja limechukua haki ya watu mia. Huenda nyuma yake mna gari la wagonjwa. Huenda mna kondakta wa daladala ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, afike mapema asifike. Mwenye haki ya kupita hana haki ya kuwazuia wengine wasipite.

Wako pia wanaojisifu kwamba dereva hodari hupita popote. Nimekaa na vijana miaka mingi, na sifa hii naijua. Uhodari wa usukani ni kitu kizuri, ila uhodari wa kwanza wa dereva huonekana kabla hajawasha gari, anapokaa na karatasi akaamua wapi apite na wapi asipite. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza tulikuwa tukiwasafirisha wanachuo kwa basi kwenda Dar es Salaam kwa ziara za mafunzo. Kanuni ilikuwa moja: njia inaandikwa jana yake, kila kona imetajwa, na dereva hana ruhusa ya kuibadilisha kwa kuambiwa na mpita njia. Wanachuo walininung'unikia kwamba nawazungusha. Niliwajibu kwamba basi lina watu hamsini, na wazazi wao hawakunikabidhi ili niokoe nusu saa.

Mwisho wako waumini wa simu. Simu inajua kila kitu, wanasema. Inaona hata foleni. Sibishi kwamba inaona foleni. Lakini muulize muumini huyo: je, simu yako imekuuliza kimo cha gari lako? Imekuuliza uzito wake, au mkia wake una mita ngapi? Programu za ramani tulizozizoea humchukulia kila anayeuliza kuwa yumo katika gari dogo. Ziko nyingine zinazotengenezwa mahsusi kwa malori na magari-nyumba, lakini hata hizo hutegemea kwamba kuna mtu aliyepita akapima, na waya ulioning'inia wiki iliyopita nyuma ya soko haumo katika hesabu ya mtu yeyote. Nimefundisha jiografia, na somo la kwanza la ramani lilikuwa hili: ramani ni habari uliyopewa na mtu asiyebeba mzigo wako. Isome, iheshimu, kisha utumie akili.

Baada ya hayo yote napenda kuwalaumu wale hasa wanaostahili lawama, nao si wageni. Ni sisi wenyeji. Mgeni anatuuliza njia, na sisi tunaona haya kumwambia azunguke. Tunahofu ataona mji wetu hauna barabara, au atadhani tunamfukuza. Basi tunamwelekeza njia fupi kwa tabasamu, tukimtakia safari njema. Huo si ukarimu hata kidogo. Huko kwao wamezoea kuzungushwa, tena kwa amri. Karibu na Paris kuna handaki la barabara ya A86 ambalo gari lenye kimo kinachozidi mita 2 haliruhusiwi kuingia, wala gari linaloendeshwa kwa gesi. London kuna handaki la Rotherhithe, lililofunguliwa mwaka 1908, ambalo gari lenye kimo au upana wa zaidi ya mita 2 halipiti. Mwenye gari-nyumba akifika hapo haoni kwamba amedharauliwa. Anageuza, anazunguka, anafika. Kwa nini basi sisi tumwogope kwa jambo ambalo kwao ni la kawaida?

Tena, katika wasafiri wote walioko barabarani, huyu ndiye mwenye udhuru mdogo kabisa wa kuwa na haraka. Mfanyakazi akichelewa anakatwa mshahara, na muuza samaki akichelewa, samaki wake wanaharibika. Mwenye gari-nyumba amekuja na kitanda chake, jiko lake na choo chake. Jua likimchwea Morogoro, analala Morogoro. Akiambiwa asubiri Jumapili asubuhi, wakati mji umetulia na malori yamepungua, atapika chai yake asubiri. Ana kila alichohitaji ila kufika. Mtu wa namna hiyo akidai njia ya mkato kupitia katikati ya watu wanaohangaikia mkate wao, anadai kitu asichokihitaji kwa gharama ya wanaokihitaji.

Wala nisieleweke kwamba neno hili ni la wageni peke yao. Gari-nyumba ni kuku mweupe. Linaonekana kwa urahisi, ndiyo maana nimelichagua. Lakini kila nilichokisema kinalihusu basi la shule linalopenya njia za panya ili kukwepa foleni, basi la harusi linalotafuta ukumbi uchochoroni, na lori la mchanga linalopita mbele ya zahanati kwa sababu pale hakuna matuta. Wote hao huhesabu dakika zao wenyewe. Za watu wengine hawazihesabu, na maisha ya watu wengine hawayahesabu pia.

Ushauri wangu basi ni mfupi. Mwenye gari kubwa alipime gari lake: kimo, upana, urefu na uzito, aandike kwenye karatasi na kuibandika mbele ya macho yake. Achague njia siku moja kabla, achague na saa. Akiingia mjini asibadili shauri kwa sababu ya foleni, maana foleni ndiyo mshawishi mkubwa wa njia mbaya. Na wewe mwenyeji, siku utakayoulizwa njia na dereva wa gari la namna hiyo, usikimbilie kunyoosha kidole. Muulize kwanza gari lake lina kimo gani na urefu gani. Halafu, kwa heshima zote na bila haya yoyote, mwambie azunguke. Kawia ufike, walisema wazee. Na waliokwisha tangulia njiani kwa miguu, nao wafike.