Daraja la Meli na Amana ya Roho za Abiria

Atembeaye ufukweni Kunduchi au Mbweni, pembezoni mwa Kinondoni, saa za maji kupwa, hakosi kumwona fundi wa mashua ameinama chini ya ubavu wa chombo kilichopandishwa mchangani, akigonga ubao baada ya ubao kwa nyundo na kuutegea sikio, kwa kuwa ubao mzima hulia mlio mkavu na uliooza hujibu kwa mlio mzito. Na palipolegea kalafati huichokoa pamba kuukuu kwa patasi, akashindilia mpya iliyoloweshwa mafuta, kisha akapaka deheni. Hapana hati inayoandikwa pale. Dhamana ni jina la fundi mwenyewe, na nahodha atakayekitweka chombo kile alfajiri ni jirani yake.

Ilimu hiyo, tuliyorithi kwa wahenga, yautosha mtumbwi na mashua ya wavuvi. Meli ya chuma yenye kuchukua mamia ya abiria ina siri zisizosikika kwa nyundo, na ndiyo sababu wafanyabiashara na wenye bima waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd mjini London waliunda, mwaka 1760, chama cha kuzikagua meli na kuzipa daraja. Bureau Veritas ikafuata mjini Antwerp mwaka 1828, na mwaka 1968 vyama vikubwa vya namna hiyo vikafunga umoja wao wa kimataifa. Kazi yao ni kuichunguza meli tangu ingali michoro mezani, kupima unene wa chuma na uimara wa maungio, kuhesabu itasimama vipi majini ikiwa na shehena na ikiwa tupu, kisha kuirudia mwaka baada ya mwaka, na kuivua daraja ikiwa haistahili tena.

Tanzania, nchi yenye pwani ndefu na maziwa makuu matatu, haina chama chake cha kuainisha meli, yaani kuzipa daraja. Tunayo sheria ya meli ya mwaka 2003; tulikuwa na SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa majini na nchi kavu, na tangu mwaka 2018 tunayo TASAC, iliyorithi udhibiti wa majini; Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Meli kubwa hupewa daraja na vyama vya kigeni. Vyombo vyetu vidogo, yaani vivuko vya ziwani, boti za mwambao na majahazi ya mizigo, vimeachiwa wakaguzi wa serikali peke yao, na hapo ndipo lilipo shimo ninalotaka lizibwe kwa kuunda chama chetu wenyewe.

Misiba ya majini tumeiona. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikiwa imesheheni kupita idadi ya hati yake, na mamia ya ndugu zetu wakaghariki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipinduka baharini ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 boti ya Skagit, iliyoondoka bandarini kwetu Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka mbele ya kisiwa cha Ukara, na waliofariki wakapita 220.

Ataniuliza mtu: chama cha mabingwa kitamzuiaje karani anayekata tikiti kupita kiasi? Swali ni la haki, na nakiri kwamba hakitasimama gatini kuhesabu vichwa. Lakini itazame Skagit. Boti ile iliundwa mwaka 1989 na ikafanya kazi miaka mingi katika ghuba tulivu ya Puget Sound, Marekani, kabla ya kuletwa kukabili mawimbi ya kusi katika mkondo wa Unguja. Kuuliza chombo kiliundwa kwa maji gani, na kukikatalia maji mengine, ndiyo kazi ya kuainisha yenyewe. Na itazame tena MV Bukoba pamoja na MV Nyerere: vyote viwili vilikuwa mali ya umma, hata mwenye chombo na mwenye kukikagua wakawa watumishi wa dola moja. Mkaguzi mwenye wakubwa atathubutuje kukifungia kivuko cha wakubwa wale wale?

Wala nisidhaniwe kuvipigia debe vyama hivi kana kwamba havina ila. Meli ya mafuta Erika ilipokatika vipande viwili mbele ya pwani ya Ufaransa mwezi wa Desemba 1999, mahakama za nchi ile zilikitia hatiani chama cha Italia kilichokuwa kimeipa daraja. Mkaguzi anayelipwa na mwenye meli mkono kwa mkono huwa katika mtihani mkubwa. Kwa hiyo chama chetu kiwekwe mbali na hazina ya mwenye chombo na mbali na amri ya waziri: ada ziingie katika mfuko mmoja, mkaguzi asiweze kuhamishwa kwa sababu ya kukataa kutia sahihi, na barazani wakae wenye bima, mabaharia, mafundi wa majahazi na walimu wa Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam. Kiwe cha pande zote mbili za Muungano, kwa maana bahari ya Chumbe haijui mpaka. Tena daftari lake liwe wazi na kwa Kiswahili, hata mkazi wa Temeke anayeteremka Magogoni kuvuka kwenda Kigamboni aweze kusoma mlangoni mwa kivuko kilikaguliwa lini, na nani, na kwa watu wangapi.

Jambo hili halitakamilika kwa mwaka mmoja wala kumi. Korea ya Kusini ilianzisha chama chake mwaka 1960, kikakubaliwa katika umoja wa vyama vikuu mwaka 1988. India ilianza 1975, ikakubaliwa uanachama kamili mwaka 2010. Sisi tuanze na vivuko na boti zetu wenyewe, chini ya ulezi wa chama kikongwe, huku vijana wetu wakipelekwa katika viwanda vya meli wakajifunze kupima chuma. Nawaomba waheshimiwa wabunge walete hoja hiyo katika kikao kijacho, na wewe msomaji, umwonapo mbunge wako huko Mbagala au Kawe, muulize amefikia wapi.