Nyumba ya Wageni Gisenyi Haijiendeshi Yenyewe

Imani moja imeenea Kigali, imevuka bahari hadi kwa Wanyarwanda walioko Ubelgiji na Canada, na siku hizi imewafikia hata watu wa mishahara ya kawaida. Jenga nyumba Gisenyi, karibu na Ziwa Kivu, tia vitanda na jiko, weka picha Airbnb, kisha endelea na shughuli zako. Mgeni atajipikia na kujihudumia, nawe utapokea dola ukiwa umelala. Imani hiyo ni ya uongo, na watu wanaizika akiba ya miaka mingi ndani yake.

Nianze jikoni, maana uongo wenyewe umejificha huko. Wengi hudhani kwamba hoteli ina kazi kwa sababu inapika, kwa hiyo nyumba ambayo mgeni anajipikia imeiondoa kazi hiyo. Sivyo. Hoteli ina jiko moja na wapishi wanaolijua. Nyumba ya kujipikia inakabidhi jiko zima kwa mtu mpya kila baada ya siku mbili tatu, na kila mtu mpya anapika kwa mila ya kwao. Familia kutoka Kigali inakuja na bibi, watoto na maharage, na maharage yanakula gesi. Mtungi ukiisha Jumamosi saa mbili usiku, lazima mtu atoke akatafute mwingine, na mtu huyo si mgeni. Wageni wa kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka wa Congo, wanataka sufuria kubwa ya sombe, yaani kisamvu, na mwiko mzito wa ugali, si kile kijiko cha mbao kilichonunuliwa kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Mzungu anayejiandaa kutembea ile njia ya Congo Nile, kilomita 227 kutoka hapa hadi Rusizi, anataka kisu kinachokata, kahawa ya kweli na mahali pa kuanika nguo. Na wote, bila kujali walikotoka, watanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa kuwa nani afike Kivu asizile? Sambaza hukaangwa kwa mafuta mengi. Wakiondoka Jumapili mchana, mafuta yako ukutani, harufu iko kwenye mapazia, na mgeni mwingine amekwisha kufika Musanze, yuko njiani anakuja.

Hapo kuna saa tatu, pengine nne, za kusugua, kuhesabu vijiko, kukagua mtungi, kutupa kiporo kilichoachwa kwenye friji na kutandika upya. Mashuka hayakauki upesi katika mji huu wakati wa masika, mwezi wa nne hasa, kwa hiyo kila kitanda kinataka jozi tatu: moja imetandikwa, moja imefuliwa, moja iko kabatini. Maji nayo yana mambo yake. Mji unategemea mtambo wa Gihira, na Gihira unategemea mto Sebeya. Sebeya ukijaa tope kutoka milimani, mabomba yanasuasua. Mafuriko ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, yaliufundisha mji huu Sebeya ni mto wa namna gani. Nyumba isiyo na tanki la akiba haifai kupokea mgeni, na tanki linahitaji mtu wa kuliangalia.

Mtu huyo ndiye biashara. Madalali, ambao hapa tunawaita makomisiyoneri, hawamtaji kamwe. Wanakuuzia ziwa. Wanakusimamisha mahali penye upepo mzuri, wanakuonyesha maji, na hawakuambii kwamba taratibu za mazingira zinakataza kujenga ndani ya mita 50 kutoka ufukweni, wala kwamba mandhari hiyohiyo wanayo majirani wote wa mteremko ule, na mahoteli makubwa yameishikilia sehemu iliyo bora kuliko yako. Ziwa ni la kila mtu. Mgeni harudi kwa ajili ya ziwa. Anarudi kwa sababu alifika usiku amechoka, akapokewa kwa jina lake, akakuta maji ya moto.

Tuangalie hesabu, kwa mfano tu. Nyumba ya vyumba vitatu kwa dola 60 kwa usiku. Mwenye ndoto anazidisha kwa 30 na kupata dola 1,800 kwa mwezi. Lakini Gisenyi huishi kwa wikendi. Kigali iko kilomita zipatazo 150, mwendo wa saa tatu na ushee, na watu wake huja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na asubuhi yake barabara hutulia, kwa hiyo asiyekuja Ijumaa atafika mchana sana au ataahirisha. Usiku kumi ulio na watu ni mwezi mzuri. Hizo ni dola 600. Booking.com kwa kawaida huchukua karibu asilimia 15. Tangu 2025 serikali imeweka tozo ya utalii ya asilimia 3 kwenye malazi. Inabaki kama dola 490, na kutoka humo utoe umeme wa kulipia kabla wa Cashpower, gesi, maji, intaneti, sabuni, mlinzi, kodi ya mapato, kitasa kilichovunjika na godoro lililolowa. Kisha ndipo umlipe yule anayefanya kazi. Wenye nyumba wengi hufika hapo hela zimekwisha, na huyo anayebaki mwisho ndiye anayepunjwa.

Hili ndilo linaloniuma. Imani ya pesa za usingizini haimdhuru tajiri peke yake. Inamfanya msichana wa Rubavu, wilaya yenye mji huu, asionekane. Yeye ndiye anayeamka saa sita usiku kumfungulia mgeni aliyechelewa, anayesema Kinyarwanda sokoni, Kiswahili na watu wa Goma, Kifaransa na Kiingereza cha kutosha kueleza jinsi ya kuwasha jiko. Mgeni anaandika sifa, nyota tano, na sifa zinakwenda kwa jina la mwenyeji aliyeko Kigali ambaye pengine hajakanyaga Gisenyi tangu mwaka jana. Msichana anapata mshahara uleule, nyumba ijae isijae. Akipata kazi kwingine anaondoka, na ndani ya miezi michache nyota zinashuka. Mwenye nyumba analaumu soko.

Na soko lenyewe lina hatari ambazo picha haziwezi kuzionyesha. Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyoshikana, na kinachotokea upande mmoja hulala upande wa pili. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, maelfu ya watu wakakimbilia huku, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Rubavu. Januari 2025 vita vya Goma vilipofika ukingoni, makombora yalianguka upande huu na kuua watu. Siku kama hizo wasafiri hufuta safari zao, na mkopo wa benki haufutwi. Aliyejenga kwa kuamini kwamba nyumba inajilipa hana akiba ya kuvuka miezi mitatu mitupu. Anayeichukulia kama kazi ameiweka, na pia anajua watu wengine wa kuwaita: mfanyakazi wa shirika anayehitaji nyumba kwa mwezi mzima, au jamaa za bwana harusi wanaotafuta pa kulala wiki ya sherehe.

Najua nitajibiwa kwamba zipo nyumba za namna hii zinazofanya vizuri. Zipo, na nyingine ni nzuri mno. Lakini chunguza nani anaishi uani. Mara nyingi utamkuta mwenye nyumba mwenyewe, au mama yake, au mtu anayelipwa kama mshirika. Wanajua muuza sambaza gani hachanganyi za jana na za leo. Wanajua fundi gani hupokea simu Jumapili. Wamejisajili, wanatoa risiti za kodi kwa mashine ya EBM, hawaogopi afisa anayebisha hodi. Hiyo ni ajira kamili, yenye jasho lake, na ina heshima yake. Isiitwe usingizi.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kiwanja Gisenyi mwaka huu, mtafute mtu kabla ya kutafuta kiwanja. Kubaliana naye mshahara wa kila mwezi na fungu lake katika kila usiku unaouzwa, kwa maandishi, na jina lake liwe kwenye tangazo mahali mgeni ataliona. Kama fungu hilo linakuuma, basi nyumba yako ipangishe kwa mwaka mzima kwa mwalimu au muuguzi wa hospitali ya Gisenyi. Mji huu una upungufu wa nyumba nzuri za kuishi, na kodi ya mpangaji huyo, ingawa ni ndogo, utaipokea kila mwezi bila kumnyima mtu jasho lake.