Chumvi ya Ruzizi haitoki kwa hotuba

Wananchi wa Bukavu, wa Uvira na wa Kivu ya Kusini yote,

Kila musimu wakubwa wanashuka mu Plaine ya Ruzizi na mifuko ya mbegu, majembe na kamera. Wanapigwa picha, wanarudia. Nyuma yao yanabaki mashamba ambako mpunga unaota mabaka-mabaka: hapa kijani, pale majani yamekauka ncha, pale tena udongo uko mweupe juu. Mulimaji anaambiwa hakutia mbolea. Anakopa, ananunua urea, anatia. Anavuna makapi. Juu ya nini? Juu ugonjwa wa shamba lake ni chumvi.

Hii si siri. Tangu miaka ya 1950, watafiti wa INEAC walichora ramani ya udongo wa bonde la Ruzizi. Chini kule, karibu na Tanganyika, mvua ni kidogo kuliko kwetu milimani, na jua linavuta maji juu na kuacha chumvi. Ramani iko na zaidi ya miaka 60. Vipimo vya shamba kwa shamba viko wapi?

Mpunga hausamehe. Chumvi ya udongo inapimwa kwa desisimensi kwa mita. Ikipita 3, kila 1 inayoongezeka inakata karibu 12 kwa 100 ya mavuno. Ikifika 6, zaidi ya theluthi imeenda. Mmea unaumia sana ukiwa mchanga, tena wakati wa maua: shamba linaonekana zuri, kumbe masuke ni matupu.

Sasa wanatuahidi mifereji. Sawa. Lakini mfereji wa kutoa maji uko wapi? Hesabu ni ya shule ya musingi: lita moja ikibeba gramu nusu tu ya chumvi, mita za ujazo 10,000 kwenye hekta moja zinaleta tani 5. Maji yanapanda angani, chumvi inabaki. Kuingiza maji bila kuyatoa ni kuua udongo polepole, tena kwa pesa ya wananchi.

Watatujibu: "Kwanza usalama." Vita tunaijua kuliko wao. Lakini chombo cha kupima chumvi kinaingia mu mfuko wa koti. Mwaka 2003, kule Maputo, wakuu wa Afrika waliahidi 10 kwa 100 ya bajeti kwa kilimo. Mwaka 2011 Kongo ikapata sheria ya kilimo. Karatasi tuko nazo mingi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Udongo na maji vipimwe Kiliba, Sange na Luvungi mbele ya mradi wowote mpya, na matokeo yasomwe mbele ya walimaji. UEA na UCB zinatoa maagronome kila mwaka. Wengi tuko tunakaa nyumbani na diplome. Mutupe kazi hiyo.

2. Hakuna mfereji wa kuingiza maji bila mfereji wa kuyatoa.

3. INERA ijaribu pamoja na walimaji mbegu zinazovumilia chumvi. Tanzania iko na SATO 1 na SATO 9. Sisi tunangoja nini?

Mama wa Kadutu ananunua mchele uliovuka mipaka, na bonde la mpunga liko hapa chini yetu. Hatuombi zawadi ya mifuko. Mupime, muchimbe, mutoe hesabu.